Kufuata Ukoo Wako Tabora na Kigoma Kupitia Vitabu vya Zamani: Mwongozo Kamili

Wengi wanaotafuta mababu zao Tabora au Kigoma huanza na jina. Wanaliandika kwenye intaneti, wanapiga simu parokiani, wanauliza kama lipo kitabuni, wanaambiwa halipo, safari inaishia hapo. Katika mikoa hii miwili jina ndiyo alama dhaifu kuliko zote. Mzee mmoja aliweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina alilookota safarini pwani akibeba mizigo, jina la ubatizo au la Kiislamu, na la nne aliloandikiwa na karani wa kodi ambaye hakusikia vizuri. Kwa Waha ndiyo kabisa: zamani mtoto alipewa jina lake mwenyewe na si la baba, kwa hiyo ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo.

Kinachokufikisha kwenye karatasi ni mahali na mwaka. Aliishi wapi hasa, chini ya mtemi au mwami (mtawala wa Waha; wengi ni bami) gani, na ilikuwa miaka gani? Ukishajua hayo utajua nani alikuwa anatawala, misheni gani ilikuwa karibu, na kwa hiyo kitabu kipo wapi leo. Jina litafute mwisho, ukiwa umeshaketi mbele ya kitabu chenyewe.

Hatua ya kwanza: wazee, kabla ya ofisi yoyote

Nenda kwa mzee aliye hai kabla ya kukimbilia makumbusho. Vitabu vitakusubiri, yeye hapana. Shikamoo, kaa, kunywa chai, uliza habari za afya na za mvua, ndipo utoe daftari. Ukianza na kalamu mkononi wengi watadhani ni mambo ya shamba au mirathi, na watafunga mdomo.

Usiulize "babu alizaliwa mwaka gani". Uliza kulikuwa na nini wakati ule. Huku kwetu yapo matukio ambayo wazee waliyasikia kwa wazazi wao, nayo yana tarehe zinazojulikana: Mirambo alifariki Desemba 1884, Isike, mtemi wa Unyanyembe (utemi wa Tabora), alishindwa na Wajerumani Januari 1893, kodi ya nyumba ilianza 1898, reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba 1916, homa kali ya mafua iliua watu mwishoni mwa 1918, TANU ilifanya mkutano wake wa Tabora, ule wa kura tatu, Januari 1958, Operesheni Kigoma ilihamisha watu vijijini 1972, na Operesheni Vijiji ikafuata kila mahali 1974. Bibi akikuambia mama yake alikuwa na mimba yake Wabelgiji walipoingia Tabora, umepata mwaka wa kuzaliwa bila yeye kuujua.

Kuna mtego katika majina ya undugu. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, kaka wa babu naye ni babu, na mtoto aliyelelewa na mjomba anaweza kujitambulisha kwa jina la mjomba maisha yake yote. Kwa hiyo uliza mara mbili: "Bibi, aliyemzaa ni nani? Na aliyemlea?" Andika majibu yote mawili. Uliza pia nani alirithi baada ya msiba, nani alichukua wajane, mahari ilitoka wapi, na mwiko wa ukoo ni nini. Mwiko hudumu hata pale ambapo majina yamebadilika mara tatu. Na msibani usiwapuuze watani. Wale wanaokaa pembeni wakimtania marehemu mara nyingi wanajua alikotoka babu yake kuliko wajukuu waliovaa suti.

Halafu omba kufunguliwa sanduku la bati. Ndani yake tafuta risiti za kodi ya kichwa (zina mwaka, na mara nyingi jina la mkuu wa eneo), kadi ya TANU yenye jina la tawi, cheti cha ubatizo, karatasi za kazi za mkonge au reli, na picha za studio ambazo nyuma zimepigwa muhuri. Msahafu, Biblia na vitabu vya nyimbo vifungue kurasa za mwanzo na za mwisho. Huko ndiko watu waliandika nani kazaliwa lini. Piga picha pande zote mbili za kila karatasi na uirudishe palepale ilipokuwa. Usiondoke na kitu hata ukiruhusiwa, kwa sababu karatasi moja iliyopotea itaufunga ukoo mzima kwako.

Hatua ya pili: jua mpaka ulikuwa wapi

Hatua hii ni fupi lakini ukiiruka utatafuta wilaya isiyo yako. Wakati wa Mwingereza Tabora ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, uliokuwa mkubwa kuliko mkoa wa leo. Kahama na Mpanda zilikuwa upande huo. Buhigwe, Kakonko na Uvinza ni wilaya za mwaka 2012, hivyo karatasi ya mwaka 1950 inayosema "Kasulu" inaweza kuwa inazungumzia kijiji ambacho leo kipo Buhigwe. Wabelgiji waliikabidhi Tabora kwa Waingereza 1917, lakini Kigoma, Ujiji na Buha (nchi ya Waha) walizishika mpaka 1921. Miaka hiyo mitano ya Kigoma iliandikwa kwa Kifaransa, na sehemu ya karatasi zake ilikwenda Ubelgiji.

Vijiji navyo vilihama. Miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwakusanya watu katika makazi makubwa kwa sababu ya malale, kisha operesheni za Ujamaa zikawahamisha tena. Kwa hiyo muulize mzee habari za mahame: walikuwa wakikaa wapi kabla ya hapa, na kabla ya pale? Makaburi yapo kwenye mahame, na kanisa lililombatiza babu lilikuwa jirani na mahame, si jirani na nyumba ya bati ya leo.

Hatua ya tatu: vitabu vya parokia

Hapa ndipo penye utajiri kuliko mahali pengine popote, hata kwa ambaye si Mkatoliki, maana katika koo nyingi yupo angalau mmoja aliyebatizwa.

Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walifika Unyanyembe 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879. Kipalapala walianza mapema miaka ya 1880 wakalazimika kuondoka, Ushirombo wakafungua 1891, na vituo vingine vikafuata. Jimbo la Kigoma lilianza kama vikarieti, yaani eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo kamili, mwaka 1946. Kabla ya hapo eneo lake lilikuwa chini ya vikarieti nyingine, kwa hiyo taarifa za zamani zaidi hazikupelekwa Kigoma. Ushirombo nayo leo ipo Jimbo la Kahama, lililokatwa kutoka Tabora 1983. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kigango (kanisa dogo chini ya parokia) kikipanda kuwa parokia, vitabu vya zamani hubaki parokia mama. Parokia iliyozaliwa 1965 haiwezi kuwa na ubatizo wa 1930, hata kama babu yako alikaa mita mia moja kutoka kanisa lake la sasa.

Vitabu vya msingi ni vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo, na baadhi ya parokia zina pia kitabu cha hali ya waamini kinachoorodhesha familia nyumba kwa nyumba. Vya zamani viliandikwa Kilatini. Usiogope, ni maneno machache yanayojirudia. Chukua mstari wa namna hii:

*Die 12 Aprilis 1914 baptizavi Petrum, natum die 3 ejusdem mensis, filium…*

Yaani: tarehe 12 Aprili 1914 nilimbatiza Petro, aliyezaliwa tarehe 3 ya mwezi huohuo, mwana wa… Baada ya hapo yanakuja majina ya baba na mama. *Filius* ni mwana, *filia* binti, *patrinus* msimamizi wa kiume, *matrina* wa kike, *uxor* mke, *obiit* amefariki, *sepultus* amezikwa. Miisho ya majina hubadilika ndani ya sentensi, ndiyo maana Petrus ameandikwa Petrum. Ukiona *in periculo mortis*, mtu alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Usishangae kumkuta kitabu cha vifo wiki hiyohiyo.

Vitu vitatu watu hupita bila kuviona. Kwanza, pembeni mwa ukurasa. Kanisa Katoliki hudai kwamba mtu akifunga ndoa mahali pengine, habari irudishwe kwenye kitabu alichobatiziwa na kuandikwa ubavuni. Ubatizo wa Tabora unaweza kuwa na maandishi madogo yanayokuambia kwamba miaka ishirini baadaye aliolewa parokia nyingine kabisa. Hapo umepata mahali na mwaka kwa mpigo mmoja.

Pili, umri. Mtu mzima hakubatizwa siku aliyokuja. Kwa utaratibu alioweka Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, mafundisho yalichukua miaka minne. Ukimkuta babu amebatizwa mtu mzima mwaka 1906, basi kuanzia kama 1902 alikuwa tayari anafika misheni. Mtafute mkoa huo, si kwingine.

Tatu, wasimamizi. Msimamizi wa ubatizo mara nyingi alikuwa ndugu, katekista au jirani wa karibu. Ukiwa na watu wawili wenye jina moja na hujui yupi ni wako, mtazame msimamizi. Mimi naamini jina la msimamizi kuliko tahajia ya jina la mtoto.

Tukiongelea tahajia: padre Mfaransa aliandika *ou* mahali pa *u*, hivyo Ujiji ni Oujiji na Unyanyembe ni Ounyanyembe. Mjerumani aliandika Udjidji, na *sch* mahali pa *sh*, ukapata Uschirombo. L na R katika Kinyamwezi hubadilishana bila kuomba ruhusa; Mirambo na Milambo ni mtu mmoja. Kabla hujafungua kitabu, andika kwenye karatasi kila namna ambayo jina lako lingeweza kuandikwa na Mfaransa, Mjerumani, Mwingereza na mwalimu wa darasa la nne, halafu soma orodha hiyo kila unapofungua ukurasa mpya.

Kitabu kimeliwa na mchwa? Usikate tamaa mapema. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kila paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Si wote walitii, lakini swali la kuuliza katika ofisi ya jimbo ni "nakala za mwaka", si "vitabu vya ubatizo".

Namna ya kuomba ina uzito wake. Usitokee Jumapili baada ya misa ya pili, paroko akiwa amezungukwa na watu. Nenda siku ya kazi, ukiwa na barua ya utambulisho ya paroko wako au ya mwenyekiti wa jumuiya, na ya serikali ya kijiji kama wewe si Mkatoliki. Barua yako iwe fupi:

*Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba kutafuta kumbukumbu za ubatizo wa babu yangu mzaa baba, aliyekaa kigango cha (fulani), kati ya mwaka 1910 na 1918. Alijulikana kwa majina yafuatayo. Mke wake aliitwa (fulani). Nipo tayari kutafuta mwenyewe mbele ya katibu wa parokia, na sitapiga picha bila ruhusa yako.*

Muda wa miaka minane unatafutika. "Miaka ya zamani" hautafutiki. Acha sadaka hata kama hukupata kitu. Na usilazimishe kusoma kurasa za miaka ya karibuni: zina habari za watu walio hai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imewafanya watunza vitabu kuwa waangalifu, kwa haki kabisa. Ukipata mstari wako, nakili namba ya kitabu, ukurasa na namba ya mstari. Bila hizo, ndugu yako atakayekuja baadaye ataanza upya.

Wamoravian na Waanglikana

London Missionary Society walikuwa Urambo tangu 1879, na mwaka 1898 wakawakabidhi Wamoravian kutoka Ujerumani, walioeneza sharika zao Sikonge, Kitunda, Usoke na Tabora. Kwa Moravian, nenda kwanza usharika wa zamani ukaulize kitabu cha washirika. Salamu ni "Bwana asifiwe", na mzee wa kanisa ndiye mlango wako kabla ya mchungaji. Wamoravian wana desturi ya tangu Ulaya ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma mazikoni. Uliza kama familia au usharika umetunza wa mzee wako. Barua na taarifa za wamisionari wa kwanza zipo Herrnhut, Ujerumani, na za London Missionary Society zipo SOAS, London. Vita ya kwanza iliwaondoa Wajerumani, kisha Wadenishi wakachukua nafasi, kwa hiyo kwa miaka ya baada ya hapo fikiria pia Denmark.

Kwa Waanglikana wa Buha, Dayosisi ya Western Tanganyika ilianzishwa 1966, makao Kasulu. Nyaraka za CMS (Church Missionary Society) ya Uingereza zipo Chuo Kikuu cha Birmingham.

Hatua ya nne: koo za Kiislamu

Ujiji na Tabora mjini, jina la Kiislamu ni zawadi kwa mtafutaji: fulani bin fulani bin fulani ni vizazi vitatu kwenye mstari mmoja. Tafuta hati za ndoa, hati za wakfu, barua za zamani za hati ya Kiarabu, na majina ya walimu wa chuo aliosoma babu. Katika tarika (njia za Kisufi), hasa Kadiria iliyoenea sana kote huku, khalifa huhifadhi mnyororo wa nani alichukua ijaza, yaani idhini, kwa nani, na mnyororo huo una miji ndani yake.

Tarehe zikiwa za Hijria, zidisha mwaka kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1320 unakupa 1902, na 1340 unakupa 1921. Inatosha kwa kazi yetu. Siku kamili utaipata kwenye kikokotoo cha simu.

Familia nyingi za Ujiji hujiita Wamanyema. Usiishie hapo ukaandika "kabila: Manyema" na kufunga daftari. Chini ya mwavuli huo wapo Wabwari, Wagoma, Wabembe, Wakusu na wengine waliovuka ziwa kutoka Kongo kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. Uliza ni watu wa ng'ambo ipi, na lugha gani bibi aliimbia watoto.

Na hapa kuna jambo la kushika kwa mikono miwili. Tabora na Ujiji vilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya utumwa, na katika koo nyingi yupo bibi aliyenunuliwa au aliyetekwa. Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, makumi ya maelfu nchi nzima, wakatangaza kwamba mtoto yeyote wa mtumwa aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Kufutwa kabisa kulikuja kwa sheria ya Mwingereza ya 1922. Mapadre nao walikomboa watoto na kuwalea vituoni, na vitabu vyao wakati mwingine hutaja mtoto alikotoka. Adrian Atiman, aliyekuwa daktari Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia 1889 mpaka miaka ya 1950, alikuwa mmoja wa watoto waliokombolewa, yeye akitokea Afrika Magharibi. Ukikuta habari ya namna hii juu ya mtu wa kwenu, waambie kwanza wazee wa familia, faragha, na wao waamue. Usiitupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ipo nyumba ambayo bado inasimangwa kwa neno hilo.

Hatua ya tano: serikali na mahakama

Vyeti vya kuzaliwa vina sifa kubwa kuliko msaada wao. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu lazima yake ilikuwa kwa Wazungu na Waasia, Waafrika wakaingizwa taratibu, eneo baada ya eneo. Babu aliyezaliwa Nzega mwaka 1925 karibu hakika hana mstari wa mwaka huo. Akiwa na cheti, alikipata uzeeni, na tarehe ya Januari 1 ni makisio ya karani. Kwa vifo vya karibuni na ndoa za baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako ndiko usajili wa wilaya ulipo, au RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Familia za Kihindi, Kigoa na Kiarabu zitafaidika zaidi na usajili wa zamani.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni jalada la mirathi. Mtu akifa akiwa na nyumba, shamba au mafao, familia hufungua shauri, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Ndani ya jalada hukaa muhtasari wa kikao cha ukoo: nani walihudhuria na wana uhusiano gani na marehemu, wajane wangapi, watoto wote kwa majina, wakiwemo wa nje ya ndoa ambao hakuna aliyewahi kukutajia. Karatasi moja ya namna hiyo ina thamani ya wazee kumi wenye haya. Unahitaji jina la marehemu, mwaka wa kifo kwa makisio, na mahakama ya eneo alikofia au alikokuwa na mali. Andika barua kwa hakimu mfawidhi ukieleza wewe ni nani kwa marehemu. Tembea na nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa kata. Karani wa masjala akikuambia majalada ya zamani yapo stoo, mwulize kwa upole kama kuna rejesta ya mirathi. Rejesta hukuonyesha namba, na ukiwa na namba utafutaji unakuwa wa dakika chache badala ya wiki.

Kabla ya hapo zilikuwepo mahakama za watemi na za bami, zilizoendeshwa chini ya utawala wa wenyeji kuanzia miaka ya 1920 mpaka utemi ulipofutwa baada ya Uhuru. Zilisikiliza kesi za mahari, talaka, ng'ombe na mipaka. Zilizobaki zimetawanyika, na nyingine zipo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam.

Huko Upanga nenda ukijua unachotaka. Omba vitabu vya wilaya vya Mwingereza, kwa mfano vya Tabora, Nzega, Kigoma au Kasulu: maafisa waliandika humo historia ya kila utemi, orodha za watawala, nasaba zao na mila za urithi. Kama ukoo wako ulitoa mtemi, au mwanangwa au mtwale (watawala wadogo chini ya mtemi au mwami), una nafasi nzuri. Kama ulikuwa wa wakulima wa kawaida, vitakupa mazingira, mipaka na miaka, si majina. Soma nasaba za watawala kwa jicho la mashaka. Ziliandikwa wakati kiti kilikuwa kinagombaniwa, na aliyehojiwa alikuwa na upande. Mafaili ya miaka 30 ya karibuni hayafunguliwi kwa kawaida. Ya Kijerumani yanahitaji msomaji wa mwandiko wa zamani, na hata Mjerumani wa leo huhangaika nao. Sensa usiitegemee: zinatoa hesabu za watu, hazitoi majina.

Hatua ya sita: magazeti

Mkulima wa kawaida hakuandikwa gazetini. Walioandikwa ni walimu, makarani, makatekista, watemi, wafanyabiashara, washairi na watu wa mashtaka. Kama babu yako alijua kusoma kabla ya Uhuru, tafuta.

Gazeti la kwanza la kutazama ni Mambo Leo, lililotolewa na serikali kila mwezi kuanzia 1923. Barua na mashairi yake yana majina na mahali, na Tabora, yenye shule ya serikali aliyosoma Julius Nyerere, ilikuwa na waandishi wa kutosha. Washairi walitumia lakabu, kwa hiyo pitia kwa mahali, usipitie kwa jina tu. Kwa zama za Mjerumani lipo Kiongozi lililochapwa Tanga, na kwa Kijerumani Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, ambalo Maktaba ya Taifa ya Berlin imeliweka kwenye mtandao bure. Usilichanganye Kiongozi la Tanga na Kiongozi la Wakatoliki, lililoanza 1950 hapahapa Tabora. Hilo la pili ndilo la kutafutia habari za mapadre, masista, walimu na jubilei za ndoa. Gazeti la Serikali nalo lina matangazo ya mirathi na uteuzi. Linachosha, lakini kwa familia za wafanyabiashara wa Ujiji Road na Tabora mjini linalipa.

Mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio mahali pa kuanzia. Nenda na miezi mitatu au minne ya kusoma, si na miaka kumi.

Aliyeondoka hakurudi

Karibu kila ukoo wa Buha una mtu aliyekwenda manamba. Kuanzia 1944 ofisi ya uandikishaji wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, ilipeleka maelfu ya vijana wa Kigoma Tanga na Morogoro kwa mikataba. Wengi walioa huko, wakazikwa huko. Usimtafute Kasulu. Mtafute kwenye parokia na misikiti iliyozunguka mashamba ya Muheza, Korogwe na Kilosa, ambako vitabu vinaweza kutaja mtu alikotoka, na kwenye vijiji vya waliokuwa wafanyakazi. Wapo wazee wa Kiha huko mpaka leo wanaouliza habari za nyumbani.

Wa reli anafuatiliwa kwa vituo alivyohamishiwa: Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma, Itigi. Kila kituo kina kanisa au msikiti, na mtoto aliyezaliwa hapo. Waliokufa vitani watafute kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bure mtandaoni. Ya vita ya pili ina majina mengi. Ya vita ya kwanza itakuvunja moyo: wapagazi walikufa kwa wingi bila kuandikwa, na Tume yenyewe ilikiri hilo mwaka 2021.

Kuandika nje ya nchi

Fanya hivi baada ya kumaliza hapa nyumbani, maana kumbukumbu za nje zinajibu maswali mazuri tu. Makao ya Wamisionari wa Afrika, Roma, yana shajara za vituo, siku kwa siku, kwa Kifaransa: nani kafika, nani kaugua, mtemi katuma ng'ombe. Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, Brussels, ndizo za kuuliza kwa Kigoma ya 1916 hadi 1921. Mafaili ya ofisi ya makoloni ya Ujerumani yapo Bundesarchiv, Berlin, fungu R 1001, na yanasomeka mtandaoni.

Barua moja, swali moja: kituo, miaka miwili au mitatu, na tahajia zote za jina, pamoja na namna Mfaransa au Mjerumani angeiandika. Wakikujibu kwamba hawana, waandikie tena kuwauliza ni nani anayo. Watunza nyaraka wanajuana, na mara nyingi jibu la barua ya pili lina anwani ndani yake.